Konkriti Isiyohitaji Mikono

Mtu akitaka kukwambia kwamba jambo limeshikana na haligeuki, atakwambia ni konkriti. Tumeizoea ikiwa tayari imetulia: nguzo za barabara ya juu, kuta za maegesho, mitaro ya kando ya njia. Tunasahau kwamba kila ukuta wa konkriti uliowahi kuuegemea ulikuwa uji kwa masaa kadhaa, na kwamba katika masaa hayo haukuwa umesimama wenyewe. Ulikuwa umeshikiliwa. Kulikuwa na sanduku la mbao au chuma, misumari, boliti, waya na vigingi, na hilo sanduku ndilo lililofanya kazi ya ukuta kabla ukuta haujaiweza. Kisha likabomolewa, mbao zikaenda kuchemsha chai, na hakuna aliyeandika historia yake.

Nataka kuiandika kidogo hapa. Nitaliita kalibu, kwa sababu ndivyo tunavyoita kitu kinachokipa kitu kingine umbo. Na nitaanza na swali ambalo linaonekana la kitoto: konkriti ikiwa bado mbichi, inasukuma kalibu kwa nguvu kiasi gani? Jibu limebadilika mara kadhaa katika miaka mia moja iliyopita, na kila lilipobadilika, kulikuwa na watu ambao kazi yao ilibadilika pia.

Tuanze mbali. Mwaka 1586 Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alichapisha kitabu kuhusu uzito wa maji. Alionyesha jambo ambalo hadi leo linawashangaza watu: maji yanavyosukuma sehemu ya chini ya chombo hakutegemei wingi wa maji, kunategemea kina chake. Bomba jembamba la mita tatu na tangi pana la mita tatu, yote mawili yakijaa, yanasukuma kwa chini sawasawa. Weka konkriti badala ya maji na hesabu ni ile ile, ila konkriti ni nzito zaidi. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo kama 2,400. Kwa hiyo, konkriti ikiwa ni ya majimaji kabisa, kila mita ya kina inaongeza msukumo wa kando wa kama tani 2.4 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa mita tatu unasukuma mbao za chini kwa tani 7 na kidogo kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni kama kuegesha lori dogo lililobeba mzigo juu ya mlango wa nyumba yako, halafu kuusimamisha mlango na lori lake wima.

Kuna sumu nyingine ndani ya hesabu hiyo. Ukichukua kipande cha ukuta chenye upana wa mita moja, ukajumlisha msukumo wote kutoka juu hadi chini, ukuta wa mita tatu unakupa karibu tani 11. Ukuta wa mita sita haukupi 22. Unakupa 44. Urefu ukizidishwa mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ndiyo maana kalibu nyingi zikishindwa hushindwa chini, pale ambapo jicho la msimamizi haliangalii, kwa sababu yeye anaangalia juu kuona kama imejaa.

Lakini konkriti si maji. Ina mchanga, ina kokoto, na vitu vya punje vina tabia yao. Fikiria pipa la maji na gunia la mahindi. Toboa pipa chini, maji yanatoka kwa nguvu ya kina chote. Toboa gunia, mahindi yanatoka polepole, na gunia likiwa refu mara mbili hayatoki kwa kasi mara mbili. Mwaka 1895 injinia Mjerumani aitwaye Janssen alipima jambo hili katika maghala ya nafaka na akalieleza kwa hesabu. Punje zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na zinashikana na ukuta wa ghala. Sehemu ya uzito wa nafaka inabebwa na ukuta kwa msuguano, haifiki chini. Ukizidi kujaza ghala, msukumo unafika mahali unakataa kupanda tena.

Konkriti mbichi inaishi kati ya hao wawili. Inazaliwa ikiwa karibu na pipa la maji na inazeeka kuwa jiwe, na njiani inapita kwenye gunia la mahindi. Kujua iko wapi katika safari hiyo, saa ngapi, kwa urefu gani, ndiko kujua kama kalibu yako itashika.

Sasa tuingize mikono ya watu.

Konkriti ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa mara nyingi kavu. Wanaume walisimama ndani ya kalibu na vipande vizito vya mbao au chuma wakaitwanga, tabaka kwa tabaka, kama watu wanaotengeneza sakafu ya udongo. Konkriti kavu hivyo haisukumi sana mbao. Inasimama. Lakini ulipokuja mtindo wa kuweka vyuma ndani, kutwanga kukawa shida, kwa sababu huwezi kutwanga katikati ya msitu wa nondo. Watu wakafanya kile ambacho watu wa mjengo hufanya popote duniani: wakaongeza maji. Konkriti ikatiririka vizuri kati ya nondo, na ikatoka dhaifu.

Mwaka 1918, huko Chicago, Duff Abrams alitoa matokeo ya majaribio mengi yaliyoonyesha kwamba nguvu ya konkriti inafuata uwiano wa maji na saruji. Maji yakizidi, nguvu inashuka. Sheria hiyo ilifunga mlango wa njia ya mkato. Ukitaka konkriti imara, punguza maji; ukipunguza maji, haitiririki; isipotiririka, lazima mtu aishindilie, la sivyo itabaki na matundu ndani kama mzinga wa nyuki, na chuma kilicho ndani ya tundu kitashika kutu.

Jibu la karne ya 20 lilikuwa poka, ile rungu ya chuma inayotetemeka ambayo fundi huitumbukiza ndani ya konkriti. Ikitetemeka, punje zinaachana kwa muda, hewa inapanda juu kwa mapovu, na uji mzito unatulia mahali pake. Ukiitoa, punje zinashikana tena. Kwa maneno mengine, poka inageuza gunia la mahindi kuwa pipa la maji, kwa sekunde chache, katika eneo dogo lililoizunguka.

Wahandisi walilielewa hilo haraka. Mwaka 1952, mtafiti aitwaye Rodin alichapisha Uingereza uchambuzi wa msukumo wa konkriti kwenye kalibu, na mwaka 1958 kamati ya Wamarekani ilitoa mapendekezo ambayo uzao wake bado unatumika. Wazo lenyewe ni rahisi: unapojaza ukuta polepole, sehemu ya chini inaanza kushikana kabla ya ya juu kufika. Kwa hiyo hesabu ya msukumo inauliza maswali mawili makubwa. Unajaza mita ngapi kwa saa? Na konkriti ina joto gani? Ukijaza mita moja na nusu kwa saa, konkriti ikiwa nyuzi 20, kanuni hiyo inakupa msukumo wa juu wa kama tani 4 kwa mita ya mraba. Konkriti hiyo hiyo kwa kasi ile ile, ikiwa nyuzi 5, inakupa kama tani 6. Baridi inachelewesha saa ya ndani ya saruji, na kalibu inalipa.

Nilijifunza hesabu hii kwa vitabu miaka miwili baada ya kuacha chuo, lakini mwili wangu ulikuwa umeshaijua. Nilipotoka chuoni nikiwa mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa, nilifanya mjengo miezi kadhaa nje kidogo ya Nairobi kabla kuandika hakujaanza kunilipa. Nilikuwa mtu wa karai. Karai ya konkriti ikijaa vizuri ni kama lita kumi, kilo ishirini na kitu. Chukua ukuta wa mita sita kwa tatu, unene sentimita 20. Hizo ni karai kama 360. Laini ya watu ikipeleka karai tatu kwa dakika, bila mtu kwenda kunywa maji, ni masaa mawili. Yaani mita moja na nusu kwa saa. Sisi watu wa karai, pamoja na migongo yetu, tulikuwa tunaingia kwenye ile kanuni ya Wamarekani bila kujua. Uchovu wetu ulikuwa unapunguza msukumo.

Pampu ya kawaida inaweza kujaza ukuta huo huo kwa dakika saba, nane.

Kuna siku ilikuja pampu. Fundi wa mbao alikuwa mzee mmoja mtulivu ambaye sote tulimwita Mzee tu, na alikuwa amefunga kalibu ya nguzo kama alivyofunga zingine zote: mbao za inchi moja, vishikizo kila baada ya nusu mita, waya uliosokotwa. Alipoona bomba la pampu likielekezwa kwake alimwendea msimamizi.

"Bosi, hii tutajaza na break. Tuweke nusu, tungoje."

"Pampu inalipwa na saa, Mzee."

"Sawa, lakini mbao haijui bei ya pampu."

Walijaza moja kwa moja. Kijana wa poka naye akaishikilia poka ndani muda mrefu, akiisukuma hadi chini kabisa, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa kazi safi inavyofanywa. Nguzo ilifungukia magotini. Haikulipuka, ilitoa mlio kama wa mtu anayepasua kuni, halafu uji wa kijivu ukatoka kwa upana wa mkono na ukaendelea kutoka hadi nguzo ikabaki na urefu wa kiuno. Hakuna aliyeumia. Mzee alisimama akiangalia viatu vyake vimefunikwa, akaniambia, "Kijana, hii kitu bado ni maji. Usidanganywe na kokoto." Jioni msimamizi akakata pesa yake ya siku kwa sababu ya mbao zilizovunjika.

Mara nyingi nimefikiria lile kato. Mzee alikuwa na elimu kamili, ila ilikuwa elimu iliyopimwa kwa kasi ya karai. Kasi ilibadilishwa na mtu mwingine, kwa sababu ya ankara ya pampu, na tofauti ikakatwa kwenye mshahara wake. Kila ninaposoma historia ya konkriti naona kato hilo mahali fulani, wakati mwingine likiwa la shilingi, wakati mwingine la maisha.

Tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island katika jimbo la West Virginia, Marekani, mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme ulikuwa unajengwa. Ulikuwa unapanda duara kwa duara, futi tano kila siku, kama mita moja na nusu. Jukwaa la wafanyakazi na kalibu yake havikusimama chini. Vilining'inizwa kwenye konkriti iliyomwagwa siku zilizotangulia. Asubuhi hiyo, kwenye urefu wa zaidi ya mita 50, duara la jana lilianza kuachia. Jukwaa lote likavuka likazunguka mnara kama zipu inayofunguka. Watu 51 walikufa. Uchunguzi wa serikali ulikuta kwamba konkriti ya siku iliyotangulia haikuwa imepata nguvu ya kutosha kubeba kilichotundikwa juu yake. Usiku ulikuwa wa baridi.

Hilo halikuwa tatizo la msukumo wa kando, najua. Lakini ni upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo. Saruji inafuata joto na muda. Ratiba inafuata mkataba. Mmoja akiuliza konkriti imeshikana vya kutosha kuacha kusukuma, na mwingine akiuliza imeshikana vya kutosha kubeba, wote wanauliza saa ya saruji inasema nini. Kule Willow Island ratiba ilikuwa duara moja kila siku, na wafanyakazi walikuwa wamesimama juu ya jibu.

Sasa twende Japani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajapani walianza kuwa na wasiwasi na konkriti yao. Taifa lilikuwa limejenga kwa kasi ya ajabu baada ya vita, na sasa baadhi ya majengo yale yalikuwa yanaharibika kabla ya umri wake. Sababu moja ilikuwa ya kibinadamu kabisa: idadi ya mafundi stadi ilikuwa inapungua. Kushindilia konkriti vizuri ni ustadi. Lazima ujue poka iingie wapi, ikae muda gani, itoke kwa mwendo gani. Ukikosea, kosa linafunikwa na sura laini ya nje na hulioni hadi kutu itoke miaka baadaye. Hakuna mtu wa kuthibitisha kilichotokea ndani ya ukuta uliokwisha kufungwa.

Profesa Hajime Okamura wa Chuo Kikuu cha Tokyo alipendekeza mwaka 1986 njia ambayo, ukiitazama vizuri, ni ya kukata tamaa na ya kijasiri kwa pamoja. Kama hatuwezi kuhakikisha kwamba mikono itashindilia vizuri, tutengeneze konkriti isiyohitaji mikono. Iingie kwenye kalibu, ipite yenyewe kati ya nondo, ijaze kila kona kwa uzito wake, itoe hewa yake, itulie. Konkriti inayojishindilia. Mfano wa kwanza uliofanikiwa ulikamilika mwaka 1988, na Kazumasa Ozawa na Koichi Maekawa ni miongoni mwa waliofanya utafiti wa msingi hapo chuoni.

Ile sheria ya Abrams ilikuwa bado ipo, kwa hiyo kuongeza maji haikuwa jibu. Jibu lilitoka kwenye kemikali. Kuna vimiminika ambavyo ukiweka kidogo tu, vinafanya chembe za saruji zisukumane badala ya kugandana. Maji yaliyokuwa yamefungiwa kwenye mabonge ya saruji yanaachiliwa, na mchanganyiko unatiririka bila tone la ziada. Japani na Ujerumani zilikuwa zimetengeneza vimiminika vya namna hii tangu miaka ya 1960. Okamura na wenzake waliongeza busara ya mapishi: punguza kokoto, ongeza unga laini, ufanye uji uwe mwepesi wa kutembea lakini mzito wa kubeba kokoto zisizame. Kipimo chake kinafurahisha kuangalia. Konkriti ya kawaida hupimwa kwa koni ya bati ya sentimita 30. Unaijaza, unaiinua, unapima imeshuka kiasi gani. Hii ukiinua koni haishuki tu, inatandaa kama chapati ya maji kwenye kikaango, duara la sentimita 55 hadi 85.

Ilipata kazi kubwa haraka. Daraja la Akashi Kaikyo, lililofunguliwa Aprili 1998 likiwa na nafasi ya kati ya mita 1,991 ambayo haikuwa na mfano duniani, linashikiliwa na nyaya zilizofungwa kwenye nanga mbili za konkriti kubwa mno. Kwenye nanga hizo walitumia konkriti ya aina hii. Ilichanganywa kando ya eneo la kazi, ikasukumwa kwa mabomba mita 200, ikatolewa kwenye vali zilizopangwa kila baada ya mita tano. Ujenzi wa nanga ulipungua kutoka miaka miwili na nusu hadi miwili. Huko Osaka, kwenye ukuta wa tangi la gesi lililokamilika mwaka huo huo wa 1998, wafanyakazi wa konkriti walipungua kutoka 150 hadi 50, na muda kutoka miezi 22 hadi 18.

Soma tena nambari ya Osaka. Watu mia moja hawakuhitajika. Huo ulikuwa ushindi, na kwa nchi iliyokosa mafundi ulikuwa ushindi wa haki. Kelele za poka zilitoweka, na mikono iliyokuwa ikifa ganzi kwa mtetemo ilipumzika. Mimi siwezi kuisikitikia poka. Lakini kazi ile ya watu mia haikupotea hewani. Uzito haupotei. Swali la kihistoria ni ulihamia wapi.

Ulihamia mbaoni. Konkriti inayotiririka kama maji inasukuma kama maji. Ile sifa waliyoitafuta, ya kupita kila mahali bila kusaidiwa, ndiyo sifa inayoifanya itafute kila mwanya wa kalibu. Isitoshe, kwa kuwa haisubiri kushindiliwa, hakuna sababu ya kuimwaga tabaka kwa tabaka. Pampu inaweza kujaza ukuta mzima kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo sehemu ya chini haipati nafasi ya kutulia. Vitu viwili vilivyokuwa vikiilinda kalibu, ugumu wa mchanganyiko na polepole ya watu, viliondolewa siku moja. Kanuni ya zamani ya Wamarekani haikufaa tena, kwa sababu iliandikwa kwa konkriti nzito inayotetemeshwa kwa poka. Ushauri uliofuata ulikuwa mfupi: rudi kwa Stevin. Piga hesabu ya pipa la maji, kina chote, mpaka chini. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2005 ulisema takriban hivyo pia, labda uwe na ushahidi wa kupunguza.

Na watu walitaka kupunguza, kwa sababu kalibu ya kubeba pipa la maji la mita sita ni ghali. Chuma zaidi, boliti nene zaidi, fundi zaidi. Faida iliyopatikana kwa kuondoa watu wa poka ilikuwa inaliwa na watu wa kalibu. Watafiti wa Sweden, Ufaransa, Ujerumani na Canada wakaanza kuweka vipimo kwenye kuta halisi, na wakakuta jambo la kuvutia: mara nyingi msukumo ulikuwa chini ya ule wa maji, wakati mwingine chini sana, hata kabla saruji haijaanza kushikana.

Sababu unaijua kama umewahi kununua mala. Chupa ikikaa imetulia, maziwa yale yanasimama; ukiinamisha polepole yanakataa kutoka. Itikise, yanamiminika. Iache tena, yanajijenga. Wanasayansi wanaiita tabia hiyo thiksotropia. Konkriti inayojishindilia ikiachwa bila kusumbuliwa, chembe zake zinaanza kushikana shikana ndani ya dakika chache, na kushikana huko kunaiwezesha kung'ang'ania ukuta wa kalibu na kuuachia sehemu ya uzito wake. Yaani inageuka kuwa lile ghala la Janssen. Nicolas Roussel, huko Ufaransa, alieleza mwaka 2006 jinsi ya kuihesabu: ukijua mchanganyiko unajijenga kwa kasi gani, na unajaza kwa kasi gani, unaweza kukisia msukumo. Wajerumani waliboresha kanuni yao ya mwaka 1980 kuhusu msukumo kwenye kalibu, na toleo la 2010 likaiingiza konkriti hii, likitazama muda wake wa kushikana.

Ni sayansi nzuri na imeokoa chuma kingi. Lakini angalia masharti yake. Punguzo hilo lipo tu kama konkriti imetulia. Mtu akiigonga kalibu, akiingiza poka kwa mazoea, mala imetikiswa. Msukumo unaweza kurudi kuelekea ule wa maji. Ukijaza kwa pampu kutoka chini, kama inavyofanywa wakati mwingine ili hewa itoke vizuri, konkriti yote inasogea muda wote na haipumziki, na karibu na vali msukumo unaweza kuzidi hata ule wa maji, kwa sababu pampu nayo inaongeza wake. Na kemikali inayochelewesha kushikana, inayowekwa ili lori lisipate shida barabarani, inarefusha muda ambao mbao zinabeba peke yake. Kila moja ya maamuzi hayo hufanywa na mtu tofauti: wa kiwanda, wa lori, wa pampu, wa ofisini. Anayeyapokea yote kwa pamoja ni mtu aliyepiga misumari.

Hapa ndipo naona historia hii inatuhusu sisi. Nairobi inapanda juu, pampu sasa ni kitu cha kawaida, na kemikali za kulainisha konkriti zinauzwa. Mchanganyiko ukitoka kiwandani unakuja na karatasi: nguvu yake, vipimo vyake, saa uliyotoka. Konkriti ina cheti. Kalibu haina. Mara nyingi inafungwa kwa kumbukumbu ya mikono, na mikono ile ilifundishwa na konkriti nyingine, iliyokuja kwa karai, ngumu kidogo, polepole. Si ujinga. Ni elimu ambayo masharti yake yamebadilishwa bila mwenye nayo kuambiwa. Okamura alitaka kuiondolea jamii hatari ya fundi asiye stadi wa poka. Hakusema, na wala hakuwa na nia, kwamba fundi wa mbao abaki na mzigo bila hesabu.

Japani walilielewa hilo. Ukiondoa watu mia kwenye tangi, kalibu lazima ipigwe hesabu upya kwa uzito uliohamia. Ukiagiza konkriti ya Tokyo na kuimwaga kwenye mbao za karai, umeagiza nusu ya uvumbuzi.

Kwa hiyo, pampu ikifika kazini kwako, iwe wewe ni msimamizi au kibarua au mwenye plot aliyekuja kupiga picha, kabla bomba halijafunguliwa uliza mambo matatu. Mchanganyiko huu unashikana baada ya muda gani? Tutajaza mita ngapi kwa saa? Kalibu imehesabiwa kwa kina gani? Maswali mawili ya kwanza kuna mtu analipwa kuyajibu. La tatu kawaida analijibu fundi wa mbao, na hajaambiwa majibu ya yale mawili. Mwambieni. Na akisema mjaze nusu mngoje, gharama ya pampu ikae kwenye bajeti ya mradi, isikatwe kwenye pesa yake ya siku.